Zima, Chomoa, Funika

Pasi ilipata moto. Kwa hiyo kosa halikuwa la soketi.

Mdogo alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaligusa bapa la pasi, likachachatika, akaichomoa. Akarudisha plagi ya kompyuta palepale ilipotoka pasi, akabonyeza kitufe kwa dole gumba, kisha akasimama wima kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikabaki cheusi. Halafu mashine ikaanza kulia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama mtoto ambaye amechoka kulia lakini hajawa tayari kusamehe.

Kando ya dirisha, dada yake aligonga mkono wa kiti kwa kifundo cha kidole. Kugonga kule kulikuwa na maana nyingi na Mdogo alizijua zote. Hii ya sasa ilikuwa: zima, unanipasua kichwa.

Akazima.

Mgeni akimwona na kichwa chake kile cheupe pe angeshangaa kusikia mtaa mzima ukimwita Mdogo. Lakini aliyezaliwa nyuma ya dada kama Kengele hukaa nyuma ya Kengele, awe na mvi asiwe nazo. Na hilo jina la Kengele nalo halikutoka kwa mzazi. Lilitoka kiwandani, kwenye ukumbi wa kufumia nguo, ambako mitambo ilinguruma hata wafumaji wakazoea kusemezana kwa midomo mitupu bila sauti. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeweza kuita kutoka mlango wa stoo akasikika hadi mtambo wa mwisho, na alipoita, mikono ilisimama. Mameneja walimpa onyo. Wakambadilishia zamu. Wakampeleka chumba cha rangi, ambako mvuke huchoma koo, na sauti ikatoka huko na kutu kidogo lakini nzito kuliko mwanzo. Walichoshindwa wao kwa miaka, kiharusi kilikifanya asubuhi moja akichana nywele. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua ulimi. Akili kiliiacha nzima, na hasira zake zote humo ndani, hazina pa kutokea.

Pa kutokea palikuwa hapo mezani. Kompyuta ya zamani, sanduku zito lililokuwa jeupe likazeeka hadi rangi ya chai ya maziwa. Kengele aliiandikia kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi moja baada ya nyingine, zote kubwa, kwa sababu hakuwa na subira ya kutafuta ndogo. Simu haikumfaa: kioo chake kiliteleza chini ya kidole kinachotetemeka. Kalamu haikukaa mkononi. Mdogo aliwahi kumwandikia alfabeti kwenye kadibodi ili aonyeshe kwa kidole, na kadibodi ile iliishi siku moja tu, maana kila aliyeishika alikuwa akimmalizia. Aonyeshe herufi mbili, mtu keshadakia, "Kula? Unataka kula?" Kengele aliirusha dirishani. Mashine haimmalizii mtu. Inangoja.

Sasa ilikuwa kimya tangu juzi, na alasiri hii mwanawe Kengele alikuwa anakuja kumchukua.

Si mtoto mbaya, huyo mwana. Jana alipita haraka, gari la rafiki yake likimsubiri nje, akapiga goti mbele ya kiti akamshika mama yake mkono ule usiosikia. Alisema ametengeneza chumba, amepaka rangi, ameng'oa kizingiti ili mguu usijikwae. "Mama, unataka kuja upumzike kwangu?" Kengele akaitikia kwa kichwa. Gari lilipoondoka, Mdogo naye akauliza, "Dada, unataka kubaki hapa kwako?" Kengele akaitikia kwa kichwa. Kila mmoja akawa na itikio lake mfukoni. Ndiyo na hapana ni maneno ya kizimbani. Anayeuliza ndiye anayechagua swali, na nani ataulizwa kama anataka kupumzika akatae?

Jioni Mdogo alimpigia simu mpwa wake. "Mama yako amesema hataki."

"Amesema? Kwa mashine?"

Mdogo alihamishia simu sikio la pili. "Amesema."

Upande wa pili kijana akashusha pumzi. Akasema kwa heshima zote kwamba kesho atakuja kusoma mwenyewe kwenye kioo, na kama mashine bado ni mbovu, basi, Mama mdogo amwie radhi, yeye atashika alichokiona kwa macho, na mama atapanda gari.

Ndiyo maana Mdogo alikuwa amejaribu pasi. Sasa aliichomoa kompyuta, akaizungusha, akashika bisibisi.

Kengele aligonga. Hii ilisema: unajua unachofanya?

"Sijui," alijibu Mdogo. "Wewe ulijua ulipoibeba?"

Upande mmoja wa mdomo wa Kengele ulipanda juu. Ule mwingine haupandi tena.

Kompyuta hii ilikuwa ya karani wa mahudhurio. Mfumaji akichelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa au mvua, karani aliingiza dakika zake humo, na mwisho wa mwezi dakika ziligeuka kisu cha kukatia mshahara. Kisha wenye kiwanda wakatangaza kwamba kiwanda kimekufa. Hilo neno Kengele hakulikubali hata siku moja. Alisema kiwanda hakifi, huuawa, na muuaji huondoka na mitambo. Wanawake walilinda lango kwa zamu kama vile bado wanalipwa. Mitambo ilitoka hata hivyo, kwa malori, kama chuma chakavu. Siku ya mwisho kila mmoja alitoka na kitu: stuli, ndoo ya nyuzi, pazia la ofisini. Kengele alitoka na kompyuta kichwani, imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha marekani, na askari wa lango alipomuuliza kibali alimwambia dakika zake zote za miaka yote zimo humu, na yeye hawezi kuziacha na watu asiowafahamu. Askari akafungua lango. Wapo wanaosema alimsaidia kuitua alipofika barabarani.

Skrubu ya mwisho ikaachia. Mdogo akavuta ubavu wa sanduku, na akabaki kakodoa macho.

Ndani kulikuwa na pamba. Vumbi la pamba, la kijivu, limeshikamana kama manyoya ya panya kwenye feni na kwenye pembe zote, na katikati ya ukijivu huo vipande vya nyuzi za buluu. Alizijua nyuzi hizo. Zilikuwa za kitambaa cha sare za shule, ambacho yeye na dada yake walifuma mwaka mzima. Aliinua kitonge kidogo kwa ncha za vidole akakipeleka dirishani. Kengele alikitazama kikiwa kiganjani mwa mdogo wake, akakipuliza, kikaruka, naye akakohoa kikohozi chao kile cha siku zote, na Mdogo naye akakohoa, kama wanaitikiana. Hii ya kwenye mashine ilikuwa ya kutolewa kwa brashi. Ya vifuani mwao hakuna aliyewahi kuja na brashi.

Alisafisha kwa brashi ya cherehani anayoshonea wateja, taratibu, akishika pumzi. Alipofika kwenye kile kibao chembamba kinachosimama wima kama kitana, akakumbuka maneno ya fundi aliyewahi kuja zamani: hiki ndicho kinachoshika mawazo ya mashine wakati inafanya kazi, ikilia mlio mrefu mrefu, inalilia hiki. Alikibana kwa vidole viwili akakichomoa. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia. Akachukua kifutio cha penseli akayasugua, upande huu, upande ule, kama anavyofuta mstari wa chaki kwenye suti ya mteja bila kuacha alama. Akakirudisha na kukandamiza mpaka kikasema tak, huku na huku.

Plagi. Kitufe. Dada mtu alikuwa ameinama mbele kitini.

Mlio mmoja, mfupi, kama mtu aliyeguna. Na kioo kikapata mwanga.

Mdogo alifungua mdomo apige kigelegele, akaufunga. Kioo hakikuonyesha ukurasa wao. Kilionyesha maneno meupe ya Kiingereza juu ya weusi, na chini yake tarehe. Akavaa miwani. Mashine ilisema ni Januari mosi, ya mwaka ambao kiwanda kilikuwa bado kinanguruma, Kengele ana ulimi wake, na wote wawili wana meno. Akabonyeza kitufe kilichotajwa ili iendelee. Ikatafuta, ikatafuta, ikakiri kwamba haioni mahali pa kuanzia. Akaizima, akawasha tena. Januari mosi ileile.

"Imesahau," alisema. "Dada, inadhani bado tuko kazini."

Kengele hakugonga. Aliitazama ile tarehe muda mrefu, na pengine kama angekuwa na uwezo angeiacha vivyo hivyo.

Saa ya ukutani haikuwa na huruma. Mdogo alimfunika dada yake magoti, akajitupia mtandio, akatoka. Kibanda cha fundi huyo kilikuwa kwenye kona, nyuma ya duka la viatu. Fundi huyu alikuwa fundi umeme wa kiwanda enzi zile. Siku hizi alitengeneza saa na redio, na kwa kuwa sikio moja lilibaki kiwandani, ilibidi umzunguke kabla ya kumsalimu. Mdogo akamzunguka. Akamweleza mlio, kioo, Januari mosi. Mzee akacheka na kusema hayo si maradhi, hiyo ni njaa. Ndani ya mashine mna betri bapa kama sarafu, kazi yake ni kuikumbusha siku, saa na mahali ilipoweka vitu vyake wakati umeme haupo. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani, betri inapumzika. Ikichomolewa, inajila yenyewe. Ikiisha, mashine inaamka kila siku kama mlevi asiyejua kalala wapi.

"Lakini hizo hudumu miaka," alisema, akichokonoa kwenye droo. "Labda kama mtu anaichomoa kila jioni. Mnaichomoa?"

"Kila jioni," alisema Mdogo.

"Nani kawaambia mchomoe?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe na kopo lako la rangi nyekundu. Juu ya mlango wa kutokea. Zima, chomoa, funika."

Mzee aliacha kuchokonoa. Ukuta ule ulishavunjwa, lakini wote wawili waliuona: herufi ndefu kuliko mtoto, na wafumaji wakipita chini yake kila mwisho wa zamu, na ole wake aliyeacha mtambo kwenye waya. Alijitetea kwamba aliagizwa, kwamba yeye alikuwa mchoraji tu wa amri za wengine. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kama kweli mpaka leo wanafanya hivyo. Mdogo akasema mpaka leo. Tena cha kufunikia alikifuma mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa, akampa betri, na alipofungua pochi akamfukuza kwa mkono. "Nenda. Hilo ni deni langu na rangi yangu."

Betri ilikuwa nyepesi kiganjani. Mdogo alitembea nayo, na karibu na mtaro unaopita mbele ya kwao hatua zake zikapungua zenyewe.

Maana alikuwa hajajiuliza. Tangu juzi amehangaika na plagi na pasi na bisibisi kama mtu anayeokoa, na sasa tu, dawa iko mkononi, ndipo alipoona kwamba mashine ikipona inaweza kuandika: NAENDA. Dada mtu ana haki ya kuchoka na chumba kimoja. Ana haki ya wajukuu. Na Mdogo atabaki na cherehani na kikohozi kisicho na wa kuitikia. Lakini mashine ikibaki imekufa, yeye ndiye anayejua maana ya kila kugonga kwa kidole cha dada yake; atasimama mbele ya mpwa wake na kusema, nimekaa naye, namjua, hataki. Nani atabisha? Mtaro ulikuwa na maji ya sabuni. Sarafu ndogo haifanyi hata kishindo.

Na hapo ikamjia sentensi moja ya zamani. Ilikuwa siku ya mgomo, wanawake wamekaa chini uwanjani, juani. Mjumbe aliyeingia ofisini kuwasemea alitoka akiwa na soda mkononi. Hakuwa mtu mwovu. Alisema tu: "Wanawake wamekubali." Hakuna mwanamke aliyekuwa ameulizwa. Kengele alisimama akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ofisini walishasikia walichotaka, na karatasi ikapigwa muhuri. Wanawake wamekubali. Kwa miaka yote hiyo Mdogo alikuwa akiitema sentensi ile kila akiikumbuka. Jana jioni, kwenye simu, aliisema kwa mdomo wake mwenyewe, kageuza maneno mawili tu.

Akafumba kiganja akavuka mtaro.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Huku akimsimulia dada yake maneno ya fundi, alibandua betri ya zamani kwa ncha ya sindano, akalaza mpya, upande wenye maandishi juu. Akairudishia mashine mahali pake pa kuanzia, kisha siku yake na mwaka wake, kitufe baada ya kitufe, na kila mwaka ulipopanda Kengele aligonga kiti taratibu, kana kwamba anausindikiza. Kiwanda kinauawa, gonga. Mume anazikwa, gonga. Mwana anaoa, gonga. Walipofika leo akaacha. Kioo kikazima, kikafikiri, kikafunguka: ukurasa mweupe, na kijistari kinachopepesa.

Gari lilisimama nje.

Mwana aliingia na kamba begani, ya kufungia mizigo, akaona mwanga wa kioo usoni mwa mama yake, akaiweka kamba chini mlangoni. Alimsalimu mama mdogo shikamoo bila kinyongo. Akavuta stuli, akakaa, akauliza swali lake, lilelile la jana, na kumsogezea mama yake kibodi.

Kidole kilishuka. Chumba kizima kilikuwa kikisikiliza tak, tak, kama mtu anayetembea na fimbo kwenye korido.

KIZINGITI ULING'OA MWENYEWE

"Mwenyewe, Mama. Nikajiponda dole."

UNA MIKONO YA BABA YAKO

Alicheka, macho yakalowa, akayafuta kwa bega. Kidole kikarudi. MDOGO WANGU, kikaandika, na kikapumzika.

"Mama mdogo naye atakuja kututembelea," alisema mwana haraka. "Kila mwezi. Nitamfuata mwenyewe, usiwe na—"

Kifundo kikagonga meza. Kijana akanyamaza kama alivyonyamazishwa akiwa na miaka saba. Wakangoja. Nje dereva alizima injini.

MDOGO WANGU MMEMUULIZA

"Kumuuliza nini, Mama?"

ANACHOTAKA

Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mahali pake pa siku zote. Maisha yake yote alikuwa akiinua mkono baada ya mkono wa Kengele kuinuka: kwenye mikutano, kwenye mgomo, hata kwenye kuchagua rangi ya mapazia. Sasa watu wawili walikuwa wamegeuka wanamtazama, na mmoja wao hakuwa na sauti ya kumwazima.

"Nataka ubaki," alisema. Ikatoka ndogo, lakini ilitoka. "Na jana nilimwambia mwanao umekataa. Hukuwa umesema."

Tak, tak, tak.

NILISIKIA. SIMU UNAPIGA KAMA UKO KIWANDANI

Mwana aliinamisha uso akacheka chini chini. Mdogo hakujua acheke au aingie jikoni. Akabaki, akiwa ameshika mgongo wa kiti, na maneno yakaendelea kutoka, moja moja, yakipumzika katikati. Leo haendi. Mvua zikianza atakwenda kwa mwanawe, kwa sababu paa la hapa linavuja upande wa kitanda chake na yeye si bata. Mvua zikiisha anarudi. Wajukuu wasisubiri mvua, waletwe.

"Na mashine?" aliuliza mwana. "Siku hiyo nije na boksi?"

KWAKO TAFUTA NYINGINE. HII YA KIWANDA

Baada ya chai, kijana aliokota kamba yake, akambusu mama yake kichwani, na mlangoni akamkumbatia mama mdogo wake kwa muda kidogo kupita desturi. Akatoka. Akarudi tena kuulizia kama kuna ngazi, aangalie hilo paa. Hakukuwa na ngazi. Akaahidi kuja nayo.

Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza. Mdogo alikusanya vikombe, akapanga bisibisi na kifutio kwenye kopo la sindano. Kisha, kama kila jioni, akazima mashine. Akachukua kitambaa cha kufuma akakitandaza juu ya sanduku, akanyoosha pembe zake. Akainama ukutani, mkono ukashika plagi.

Kengele akagonga.

Mdogo akabaki ameinama vile, vidole vikiwa juu ya plagi, na vilikuwa vidole vya wafumaji wengi. Vikaachia kimoja kimoja. Akanyanyuka kwa kujishika kiuno, akavuta kiti chake karibu na dirisha. Pale juu ya meza, kutoka kwenye matundu ya kitambaa, taa ndogo ya kijani ilichungulia, ikazima, ikachungulia.